Saa ya Babu Haikujazwa Kupita Kiasi



Wasomaji wetu wapenzi, juma lililopita tulizungumza juu ya kuihifadhi cherehani ya mkono isiliwe na unyevu wa pwani. Juma hili tumeletewa swali na mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Marehemu ameacha saa ya mkono ya zamani, ya kutia ufunguo. Mama huyu alikuwa akiitia ufunguo kila siku kama alivyomwona mumewe akifanya, mpaka siku moja ikasimama. Tangu siku hiyo ufunguo umekaza, hauzunguki tena, na mishale haisogei. Jirani amemwambia kwamba ameijaza kupita kiasi na kuikata kamani. Sasa anauliza: je, ni kweli kwamba ameiharibu kwa mkono wake, ilhali saa hiyo ni katika mirathi na bado haijagawiwa?

Hukumu ya dhima tunawaachia masheikh, kwani si kazi ya safu hii. Lakini kabla ya hukumu hutangulia ukweli wa jambo lenyewe, na ukweli huo umo ndani ya saa. Tena swali hili tunalijua vizuri, kwa sababu katika ukoo wetu, kule Kau, tuliishi nalo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wasioijua Kau na waelewe kwamba ni mji mkongwe ulio ukingoni mwa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Katika karne ya 19 Ahmad Simba wa ukoo wa Nabahani alikaa hapo kabla ya kuhamia Witu na kuwa sultani wake, na ni katika karne hiyo ulipochimbwa mfereji wa Belezoni kuyaunganisha maji ya Tana na ya Ozi. Mto wa Kau hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, na unyevu wake huingia kila mahali: katika chumvi, katika kurasa za vitabu, na katika saa.

Babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa mpunga mwenye miembe michache. Saa yake aliinunua Mombasa katika ujana wake. Kila siku baada ya Sala ya Alfajiri alikaa barazani, akaivua mkononi, akaitia ufunguo taratibu huku akihesabu kimoyomoyo. Na kila Magharibi aliuvuta ufunguo nje kidogo, akaipeleka mishale kwenye saa kumi na mbili kamili jua lilipotua, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wengi wa pwani. Kwa kuwa kutua kwa jua kwetu hubadilika kwa nusu saa hivi katika mwaka mzima, marekebisho yenyewe yalikuwa madogo, lakini hakuwahi kuyaacha.

Alipofariki, saa ilibaki kwa bibi. Macho na vidole vya bibi vilikuwa vimechoka, kwa hiyo alimwomba mkaza mwana wake, yaani mama yetu, awe akiitia ufunguo. Mama aliifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa. Asubuhi moja akaikuta imesimama, na ufunguo umekaza kabisa. Ami yetu aliitazama, akaujaribu ufunguo, akasema, “Umeijaza mno, shemeji. Umeikata.” Alilitamka neno hilo bila ya hasira, lakini lilidumu. Kila Idi tulipokusanyika palitokea wa kufanya mzaha kwamba mama asipewe kitu chenye ufunguo. Mama alicheka pamoja na wengine. Hata hivyo, tangu siku ile hakuigusa tena hata saa ya ukutani. Alituita sisi watoto tuijaze.

Tutarudi kwenye kisa hiki. Kwanza tuieleze saa inavyojazwa, ili kila mama aweze kujua yeye mwenyewe ugonjwa wa saa yake kabla ya kumkabidhi fundi, na kabla ya kukubali lawama ya mtu.

Ndani ya saa ya kutia ufunguo hamna betri. Nguvu yake yote hutoka katika utepe mwembamba wa chuma uitwao kamani, uliokunjwa ndani ya kijipipa kidogo. Unapouzungusha ufunguo ulio ubavuni, kijiti cha chuma kilichoshikamana nao huyazungusha magurudumu madogo yenye meno, na gurudumu la mwisho huikaza kamani kuuzunguka mhimili wake. Pembeni mwa gurudumu hilo pana ulimi mdogo wa chuma unaoingia baina ya meno yake ili lisirudi nyuma. Ile sauti ya kri-kri tunayoisikia ni ya ulimi huo ukiruka jino baada ya jino.

Kamani ikishakazwa hutaka kujikunjua, na kujikunjua kwake ndiko kunakoyasukuma magurudumu mengine, moja baada ya jingine, mpaka kulifikia gurudumu jepesi linaloyumba huku na huku. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo huyumba mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa kila sekunde. Saa ya namna hii kwa kawaida hujaa kwa mizungusho ya vidole kati ya 20 na 40, na ikijaa hutembea kwa muda wa saa 36 hadi 40 hivi.

Sasa tuziangalie dalili. Chukua saa yako, uishike mkononi, wala usiivae. Uzungushe ufunguo kwa vidole viwili bila ya kutumia nguvu, nawe usikilize na uhisi.

Dalili ya kwanza: ufunguo unazunguka, kri-kri inasikika, lakini haufiki mwisho wala haukazi hata ukizungusha mara mia, na saa haitembei. Hii ndiyo dalili ya kamani iliyokatika, au iliyochomoka mahali ilipofungwa. Kamani za chuma cha rangi ya buluu, zilizotumika katika saa za zamani sana, zilikuwa zikikatika zenyewe kwa uchovu, hata mkononi mwa mtu mwangalifu. Zile zilizokuja baadaye, zenye rangi ya fedha, hukatika kwa nadra.

Dalili ya pili: unazungusha, na ukiuachia ufunguo unarudi nyuma kwa kasi. Hapa kamani ni nzima; kilichoharibika ni ulimi au kijiwaya kinachousukuma ulimi mahali pake. Iache saa kama ilivyo wala usiendelee kuijaza, maana kila jaribio huzidi kuyala meno.

Dalili ya tatu: ufunguo unazunguka kwa kukwaruza, unashika na kuteleza. Huenda meno ya magurudumu ya kujazia yamelika, au parafujo inayolishika gurudumu mojawapo imelegea. Katika saa nyingi parafujo hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ulio kinyume na parafujo nyingine zote, na mtu asiyejua huikata akidhani anaifungua. Kwa hiyo hii si kazi ya kijana mwenye bisibisi ya redio.

Dalili ya nne: unazungusha ili kuijaza saa, na badala yake mishale ndiyo inayokwenda. Kile kipande kinachohama baina ya kujaza na kurekebisha kimekwama upande wa kurekebisha. Saa ya mtu aliyekuwa akivuta ufunguo kila Magharibi kwa miaka mingi huelekea kuchoka mahali hapa.

Dalili ya tano: ufunguo umetoka wote mkononi pamoja na kijiti chake. Usiogope, wala usiusukume ndani kwa nguvu. Uweke pamoja na saa ndani ya kitambaa kisafi, uvipeleke vyote viwili. Mara nyingi ni parafujo moja tu iliyolegea, lakini kijiti kikipotea kukipata kingine cha saa ya zamani ni taabu.

Dalili ya sita: saa inajaa vizuri na inatembea, lakini haimalizi siku. Ijaribu hivi: itie ufunguo mpaka mwisho baada ya Sala ya Alfajiri, kisha usiiguse. Ikiwa inatembea mpaka Alfajiri ya pili, haina neno. Ikisimama baada ya Adhuhuri au Magharibi, ama kamani imechoka, ama mafuta yamekuwa mazito.

Dalili ya saba ndiyo ya mama aliyetuuliza, na ndiyo iliyokuwa ya babu: ufunguo umekaza, hauendi mbele, na saa imesimama. Hapa ndipo watu wanaposema, “Imejazwa kupita kiasi.” Na hapa ndipo tunapoomba tusikilizwe vizuri.

Ufunguo umekaza kwa sababu kamani imejaa na bado imeshika. Lau ingalikatika, usingalihisi ukinzani wowote. Ufunguo ungalizunguka bure kama tulivyoeleza katika dalili ya kwanza. Kwa hiyo ule ukazo, ambao watu huutoa kuwa ushahidi wa kosa, ni ushahidi wa kinyume chake: nguvu imo ndani ya saa, nzima, inangoja kutoka. Kizuizi kiko mbele yake, katika magurudumu. Mara nyingi ni mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi, au vumbi, au kutu. Mtu huendelea kuijaza saa inayotembea kwa shida, na siku inaposhindwa kabisa, mkono wa mwisho kuigusa ndio unaolaumiwa.

Hatusemi kwamba saa haiwezi kuharibiwa kwa kujazwa. Mtu akifika mwisho kisha akalazimisha kwa nguvu za vidole vyote, anaweza kuikata kamani au kuuvunja ulimi. Lakini akifanya hivyo saa italegea, haitakaza. Kuijaza mpaka mwisho wake wa kawaida si kosa hata kidogo. Ndivyo ilivyokusudiwa na aliyeitengeneza.

Kuna saa moja ambayo lazima tuitaje kando, kwa kuwa imeenea sana katika nyumba zetu, nayo ni Seiko 5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Hii hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, kwa kuwa ndani yake mna bamba zito linalozunguka kila uendapo. Nyingi katika saa hizo za zamani hazikuundwa kujazwa kwa ufunguo kabisa. Ufunguo wake ni wa kurekebisha mishale na siku tu. Ukiuzungusha na usihisi kitu, saa yako si mbovu. Itikise polepole kwa muda mfupi, uivae, ukafanye kazi zako. Na zile saa nyingine zinazojijaza zenyewe lakini zinakubali pia ufunguo, kwa kawaida hazina mwisho wa kukaza, kwani kamani yake imewekewa nafasi ya kuteleza inapojaa.

Baada ya kuijua dalili, yapo mambo ya kujiepusha nayo nyumbani. Usitie mafuta ya nazi, wala ya cherehani, wala ya aina yoyote, kwa tundu la ufunguo. Saa huhitaji tone lisiloonekana, mahali maalumu, na mafuta mengine yote huwa gundi mpya juu ya ile ya zamani. Usiufungue mgongo wa saa kwa kisu. Usiitie ufunguo ikiwa imevaliwa, kwa sababu kidole hukisukuma kijiti upande na kukipinda. Na uivue kabla ya kutia udhu, kufua, au kukanda unga, kwani maji huingia zaidi kwa njia ya ufunguo, na kutu huanzia hapo hapo kwenye kijiti.

Jambo jingine ni la usalama wa watoto. Saa za zamani zilizokuwa ziking'aa gizani, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, huenda zilipakwa rangi yenye radiamu, kitu chenye mionzi yenye madhara. Mng'ao unaweza kuwa umekwisha na mionzi ikawa ingali ipo. Saa kama hiyo usiifungue, usiikwangue uso wake, wala usiwape watoto kuichezea. Na fundi umwambie mapema, kabla hajaishika.

Kisha lipo suala la amana. Saa ya urithi inapotoka nyumbani, ipige picha mbele na nyuma, uandike jina lake na namba zilizochongwa mgongoni. Mwambie fundi akutajie bei kabla ya kuanza, na umwombe akurudishie kila kipande cha zamani atakachokitoa. Fundi mwaminifu hachukii kuombwa hivyo. Na ikiwa mirathi haijagawiwa, warithi wote wajulishwe na waridhie gharama, ili saa isije ikazua fitina ambayo marehemu hakuiacha.

Sasa tukirudi kwa saa ya babu. Bibi alipofariki na mirathi kugawiwa, warithi waliridhiana saa iwe ya ami. Aliiweka kashani, ikalala huko. Mwaka jana alitupa sisi tuipeleke Malindi, bila ya matumaini makubwa. Tukatoka nayo Kau mpaka Garsen, na Garsen mpaka Malindi, imefungwa katika leso ya marehemu bibi.

Fundi, mzee mmoja mpole, hakuifungua mara moja. Aliugusa ufunguo kwa vidole viwili, akajaribu kuuzungusha kidogo, akauacha. Akauliza, “Nani aliyewaambia kamani imekatika?” Tukamweleza. Akasema, “Ingekatika, ufunguo huu ungezunguka mpaka kesho. Hii imejaa tangu siku iliposimama.”

Alipoufungua mgongo, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuushika ulimi na kuiachia kamani ijikunjue kidogo kidogo, kwa sababu nguvu ile ikitoka kwa ghafla huvunja meno. Tulisimama tukitazama ufunguo ukirudi nyuma polepole katika vidole vyake. Kujaza kwa mama, kwa ile asubuhi ya zamani, ndiko kulikokuwa kukitoka. Kisha akatuonyesha kwa kioo cha kukuzia: mafuta yalikuwa yamegeuka utando wa rangi ya kahawa katika kila shimo, na kijiti cha ufunguo kilikuwa kimeliwa na kutu. Alivisafisha vipande vyote kimoja kimoja, akatia mafuta mapya, akabadilisha kijiti. Kamani hakuibadilisha. Ni ileile inayoiendesha saa hadi leo.

Tulimpelekea ami saa na maneno ya fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, asiseme neno. Baada ya Alasiri tulimwona akishika njia kwenda nyumbani kwa mama, saa imo mkononi, hakuivaa. Akamkuta uani akichambua mchele. Akampa saa akamwambia, “Shemeji, niliyasema maneno yasiyokuwa na ukweli nikayaacha miaka yote hii. Nisamehe. Itie wewe ufunguo.”

Mama alipangusa mikono kwa kanga yake, akaanza kuzungusha. Ilipofika mwisho alisita, akasema kwamba imekaza. Ami akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akasamehe, alhamdulillahi, na siku hizi ndiye anayeitia ufunguo kila ami ajapo.

Dini yetu imetutahadharisha na dhana, na tumezoea kudhani kwamba tahadhari hiyo inahusu mambo makubwa ya heshima na nyumba za watu. Sisi tulijifunza kwamba hata neno dogo juu ya chombo lina uzito wake. Aliyelitamka husahau, aliyetupiwa huishi nalo.

Kwa hiyo, mama yetu uliyetuuliza: ikiwa ufunguo umekaza kama ulivyoeleza, kamani haikukatika, na kujaza kwako hakukuiharibu. Usiulazimishe ufunguo, usiifungue saa, iweke mahali pakavu ndani ya kopo lenye kifuniko mpaka uridhiane na warithi wenzako juu ya matengenezo. Ukienda kwa sheikh wako kuuliza juu ya dhima, mweleze na haya. Na ikirudi kutoka kwa fundi, ikatembea, itie ufunguo mara moja kila siku kwa wakati uleule; baada ya Alfajiri ni wakati mwema. Baada ya miaka minne au mitano ipeleke tena ikasafishwe, hata kama haina kasoro.

Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na wazee wetu wote waliotangulia. Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya kufuli za makasha ya zamani na funguo zilizopotea.

Wabillahi tawfiq.